Iko Sanduku Hapa?

Siku zile, sisi Waislamu wa mtaa wetu pale Arua tuliogopa hata kukohoa. Serikali ya zamani ilikuwa imeanguka, na kila nyumba iliyowahi kutoa askari ilihesabiwa nyumba ya adui. Baba alikuwa askari. Alikimbilia Zaire, akaacha sare zake ndani ya sanduku la bati uvunguni mwa kitanda. Mama alikataa kuzichoma. Mpaka leo namshangaa; mapenzi mengine ni ukaidi mtupu.

Uchaguzi wa wabunge ulipokaribia, wanajeshi wapya walisimama mlangoni petu.

"Mama, iko sanduku hapa?"

Kumbe walitaka la kupigia kura. Kila chama kilikuwa na sanduku lake, na moja lilikuwa limepungua. Sisi tungejuaje? Kwetu neno hilo lilikuwa na maana moja tu.

"Iko, lakini nguo iko ndani si ya vita!" Mama akaropoka.

"Nguo gani?"

"Sanda," Mama akasema. "Ya bwana yangu. Iko kufa kule Zaire."

Askari akarudi nyuma. "Pole, mama. Toa sanda. Sisi nataka sanduku tu."

Sanda ilikuwemo kweli, aliyojinunulia Mama mwenyewe kama wafanyavyo wanawake wetu. Akainama, mgongo wake ukiwaziba macho, akazivingirisha sare ndani yake, akatoka na furushi jeupe kifuani. Wakabeba sanduku wakaenda zao.

Ila jirani alikuwa amesikia neno la kifo. Akapiga yowe, na mara ua ukajaa watu. Tungesemaje, na askari wamepiga kambi pale shuleni? Tukasema amezikwa hukohuko. Tukaweka matanga, sheikh akasoma dua, Mama akaingia eda ya mjane. Mwenye eda hatoki nje, basi siku ya kura mtaa mzima ulipanga foleni, yeye akabaki ndani.

Kwenye matanga nililia kuliko wote. Watu walidhani ni uchungu. Ilikuwa hofu, nikiogopa kwamba nikinyamaza tutajulikana.

Askari walihama baadaye, na hofu yao ikanitoka. Iliyobaki ni nyingine. Waliokimbia walianza kurudi kutoka Zaire, mmoja mmoja, na kila mara mlango ulipobishwa sikuwa mimi niliyekwenda kufungua. Niliogopa kwamba dua zile zote tulizomsomea Baba kama maiti, Mungu alizipokea.