Korongo na Mwaloni: Miaka Yangu ya Kushona Bendera za Waelvu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ndege. Alikuwa korongo aliyechorwa kwenye karatasi, amesimama kwa mguu mmoja, na mwenye karakana alitaka nimkate kwenye kitambaa cheupe nimshone juu ya bendera ya buluu. Nilikuwa nimeacha kazi ya kuegesha magari ya wageni katika hoteli moja ya mji wa Alexandria, hapa Marekani. Kabla ya hapo, nyumbani Kondoa, nilikuwa fundi cherehani wa suruali na sare za shule. Ndege sikuwahi kushona.

Karakana yetu ilikuwa mji wa Laurel, nyuma ya duka la matairi, upande wa reli. Mwenye karakana alikuwa mama wa Kimarekani aliyeshona maisha yake yote kwa ajili ya majukwaa ya maigizo. Nilipofika mimi, kazi kubwa ilikuwa ya watu wa mchezo. Nitaueleza, kwa sababu vijana wengi wa kwetu hawaujui. Watu wazima, wenye kazi zao na mikopo ya nyumba zao, hukodi kambi msituni mwishoni mwa juma, wakavaa masikio ya mpira yaliyochongoka na kuwa Waelvu, yaani wale watu wa hadithi wanaoishi porini na hawazeeki. Wana ufalme wao, wana sheria zao, na wana nyumba za kikabaila zinazogombea kiti cha enzi. Kila nyumba ina ngao yake na bendera yake, na hizo ndizo zilizotupa ugali.

Nilimshona yule korongo kwa uangalifu wote. Nikaona anapooza, nikamwekea samaki wa njano kifuani. Mwenye karakana aliichukua bendera, akatoka nayo hadi kwenye maegesho, akaniambia niende barabarani kisha nigeuke.

“Unaona nini?” akaniuliza.

“Naona ndege.”

“Kifuani ana nini?”

Samaki hakuonekana. Njano juu ya nyeupe ilikuwa imemezwa. Aliniita, akanieleza sheria niliyoifuata hadi nilipostaafu. Nyeupe na njano huitwa madini, kwa kuwa ni fedha na dhahabu. Nyekundu, buluu, kijani na nyeusi huitwa rangi. Madini hayalazwi juu ya madini, wala rangi juu ya rangi. Aliniambia kwamba zamani, vitani, aliyeshindwa kuisoma ngao kwa mbali aliweza kumuua ndugu yake.

Mwaka wa kwanza nilikaa meza ya kukata. Hapo nilijifunza maneno ya kazi. Sehemu ya nyuma ya ngao ni uwanja. Kinachokaa juu yake ni alama. Mtoto wa nyumba hawezi kubeba ngao ya baba yake vilevile, lazima iongezwe kitu kidogo, nyota au mwezi, na hiyo huitwa alama ya tawi. Ngao ikishonwa kichwa chini, nyumba hiyo imekufa. Kutoka mezani nilihamishiwa kwenye cherehani, kisha kwenye kulaza, yaani kubandika alama kwa gundi ya pasi na kuishona ukingo kwa mshono wa kubana ili isibanduke mvuani.

Aliyenifundisha kulaza na kudarizi ni Mama Odette, Mkongo wa Bukavu. Alikuwa na mkono mwepesi kuliko sisi sote. Aliniita Papa Salma, kwa jina la binti yangu mkubwa. Tulikula chakula cha mchana pamoja miaka mingi, yeye na sombe yake, mimi na wali wangu, tukibishana kama sombe na kisamvu ni kitu kimoja. Yeye naye alikuwa na binti, Neema, aliyebaki Bukavu kwa shangazi yake. Kila kitu alichofanya Mama Odette alikifanya kwa ajili ya kumleta yule mtoto. Alishafungua maombi ya kibali cha mtoto kuingia Marekani, na wakili wake alimwambia kwamba anachotakiwa kuonyesha ni kazi ya kudumu yenye mshahara wa kutosha. Kwa hiyo hakukosa hata siku moja, hata theluji ilipofunga barabara na mimi mwenyewe nikabaki kitandani.

Nyumba kubwa katika ule ufalme zilikuwa mbili. Nyumba ya Korongo ilibeba korongo wa fedha kwenye uwanja wa buluu. Bwana wao, siku za kazi, alikuwa mtu wa kompyuta kwa kontrakta wa serikali. Nyumba ya Mwaloni ilibeba mti wa dhahabu kwenye uwanja wa kijani, na Bibi wao alikuwa daktari wa meno. Uhasama wao ulikuwa na historia ndefu ya kutungwa: bibi harusi aliyetoroshwa, chemchemi iliyotiwa sumu, mfalme aliyekufa bila mrithi. Mwanzoni nilicheka. Baadaye sikucheka tena, maana walilipa kwa wakati na waliijua kazi nzuri wakiiona.

Mwenye karakana alipougua, aliuza. Meneja mpya alikuwa kijana aliyekuja kutoka biashara ya mabango ya plastiki. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu tu. Mabango yalikuwa hayauziki, na Korongo na Mwaloni ndio walioiweka karakana hai. Nyumba hizo zilipodai kwamba anayeshonea moja asiione kazi ya nyingine, alikubali papo hapo. Akaning’iniza pazia zito katikati ya chumba. Mimi niliwekwa upande wa Korongo, Mama Odette upande wa Mwaloni. Msimamizi wetu, Bi Muthoni, Mkenya wa Nyeri, ndiye aliyetuletea habari.

“Sasa Mzee, hata lunchi msikule pamoja,” alisema, macho chini. “Si mimi nimesema.”

Kwa hiyo tukawa tunakula kwa zamu. Watu wawili wazima, tuliojuana kwa magonjwa na misiba, tukawa tunasalimiana kwa kukohoa.

Mwaka ule kiti cha enzi kilikuwa kinagombewa. Niliagizwa kushona korongo mwenye taji, kwa siri kubwa, kwa kuwa katika sheria zao nyumba inayotangulia kuinua taji ndiyo yenye dai la kwanza. Nilimdarizi kwa uzi wa dhahabu. Ni kazi niliyojivunia. Siku ya mkutano wao msituni, mara bendera yangu ilipoinuliwa, Mwaloni nao waliinua ya kwao: mti wa dhahabu, na kwenye tawi lake korongo yule yule, mwenye taji, amenyongwa.

Jumatatu yake Bwana wa Korongo aliingia karakana na wafuasi wawili, wamevaa majoho, mmoja ameshika simu anarekodi. Alisimama mbele ya pazia akauliza kwa sauti nzito ni mkono gani uliomnyonga ndege wake, na nani aliyemuuza. Alisema hatashonesha tena mahali penye msaliti. Kisha alilivuta pazia. Mama Odette alikuwa ameketi pale na kazi yake mapajani. Bwana alimnyooshea kidole, akageuka, akatoka.

Meneja alikuwa amebadilika rangi. Alimwita Mama Odette ofisini, nami nikaingia bila kuitwa. Alimuuliza aliijuaje siri ya taji.

“Miye sikujua siri,” Mama Odette akajibu. “Walinipa dessin, nikashona. Ni ile tu.”

Nilimwambia meneja kwamba mchoro ulikuja na wateja, na kwamba yule mama hakuwahi kuniuliza hata rangi ya uzi. Nikasema kama kuna aliyeona kazi zote mbili ni yeye meneja, aliyepokea michoro yote. Alinisikiliza. Naamini hata alinisadiki. Lakini alisema, “Nikimpoteza Korongo nafunga, na nikifunga mnaondoka wote.” Alimwachisha Mama Odette kazi, akampa siku hiyo tu kumaliza. Bi Muthoni alimsaidia kukusanya mikasi yake, akilia waziwazi, na Mama Odette ndiye aliyekuwa akimbembeleza.

Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba naacha kazi. Mke wangu ni mtunza wazee, anajua kazi zisivyookotwa. Aliniuliza kama kuacha kwangu kutamrudisha Odette. Nikabaki.

Mama Odette alihamia Woodbridge kwa dada mmoja wa kanisani, akaanza kulea wagonjwa majumbani. Kazi ilikuwa ya saa chache hapa, saa chache pale. Wakili alimwambia kipato kama hicho hakitoshi, maombi ya Neema yasubiri. Yakasubiri.

Msimu uliofuata nilitumwa kupeleka mahema kambini kwao, na huko ndiko nilikoyaona yaliyonifanya niandike haya. Nyuma ya jiko, Bwana wa Korongo na Bibi wa Mwaloni walikuwa wameketi kwenye gogo moja, masikio yao ya mpira yamewekwa pembeni, wanakula soseji na kucheka. Walinisalimu vizuri. Nikauliza kama wamepatana. Wakatazamana, wakacheka zaidi. Bibi akanieleza kwamba hawajawahi kugombana, ni marafiki tangu chuoni. Yule korongo aliyenyongwa walimtunga pamoja, mezani kwake, ili mkutano upate moto. Na ile hasira ya Jumatatu ilikuwa ya kurekodiwa, wanachama waione.

Nilikaa chini.

“Yule mama alifukuzwa kazi siku ile ile,” nikasema.

Bwana hakuelewa mara ya kwanza. Nilirudia. Nikamweleza kuhusu Neema na maombi yake, taratibu, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Bibi wa Mwaloni aliweka sahani yake chini akajifunika uso.

“Nilikuwa nacheza,” Bwana akasema. “Kila mtu alijua nacheza.”

“Meneja hakujua,” nikamwambia. “Na sisi hatukuambiwa.”

Nataka nimtendee haki yule mtu. Jumatatu alikuja karakana na nguo zake za kawaida, akamweleza meneja yote. Meneja alimpigia Mama Odette akamwomba arudi. Mama Odette alikataa. Aliniambia kwamba hawezi kukaa tena kwenye kiti ambacho mtu akikinyooshea kidole kwa mchezo, unatoka. Bwana hakukata tamaa. Sheria inaruhusu mtu mwingine mwenye kipato kusimama kama mdhamini, naye akasimama, akaweka jina lake na mshahara wake. Maombi ya Neema yakaanza kutembea tena.

Lakini vita vilikuwa vimetangulia. Vilipoingia Bukavu, shangazi na Neema walivuka mpaka kwa miguu kwenda Burundi na nguo walizovaa. Pasi ya kusafiria ilibaki kwenye nyumba iliyoungua. Waliishi kwenye kambi ya wakimbizi, chini ya turubai. Mama Odette alizungumza naye kwa simu kila umeme ulipopatikana. Neema alikuwa akimwuliza Marekani watu wanakula nini asubuhi. Kipindupindu kilipoingia kambini, kilimchukua kwa haraka, pamoja na wengine wengi. Alikuwa na umri wa kumaliza sekondari.

Sitasema kwamba ile kazi ingemwokoa. Maombi hukwama kwa sababu nyingi, na mimi si mwenye kujua. Ninachokijua ni kwamba kulikuwa na muda, na muda ule ulichukuliwa.

Misa ya kumwombea ilisomwa Woodbridge. Watu walikuja kutoka Laurel, Alexandria na Baltimore, Wakongo, Wakenya, Watanzania, Wakristo na sisi Waislamu. Bi Muthoni alipika. Katikati ya nyimbo niligeuka nikawaona wale wawili wameketi benchi la mwisho, Bwana kwa suti, Bibi kwa gauni jeusi, wameshikilia kitabu cha nyimbo wasichoweza kukisoma. Watu wa jamii yetu walianza kunong’ona. Kijana mmoja alinyanyuka kwenda kuwatoa.

Mama Odette alimtangulia. Alitembea hadi kule nyuma, akasimama mbele yao. Nilikuwa karibu, niliitwa kutafsiri.

“Uwaambie hapa hatuchezi,” akasema. “Kama wamekuja kulia, wabakie. Kisha watakula na watu.”

Niliwaambia. Walibaki. Walikula, na baadaye walikunja viti na kufagia ukumbi pamoja nasi. Bwana alinifuata maegeshoni, akaniuliza ni kitu gani awezacho kufanya. Nilimwambia sijui. Kama ningejua ningemwambia, kwa kuwa nilimhurumia.

Nyumba ya Korongo ilifutwa mwaka ule. Bwana wao alijitoa, na desturi ya mchezo ikadai bendera ya kichwa chini. Meneja alinipa mimi. Nilimgeuza ndege, nikamshona, nikapiga pasi, nikakabidhi. Haikuwa kazi ngumu. Mwaloni wakapata kiti cha enzi na hawakukikalia. Wengine wadogo wakaanza kukigombea kwa nembo mpya, na oda zikaendelea kuja kama kawaida. Baada ya hapo macho yangu yalianza kunisumbua, nikaomba kupumzika. Walininunulia keki. Meneja alinishika mkono akaniambia niwe naenda kuwatembelea. Pazia lilikuwa bado pale.

Vijana huniuliza, hasa wanangu wanaonijibu kwa Kiingereza, kama sioni haya kwamba nilipoteza miaka nikishona michezo ya matajiri. Sioni haya. Ilikuwa kazi halisi, na mishono yangu haikuachia. Ila nawaambia jambo moja kuhusu kazi ya kuhudumia watu wanaojifurahisha. Wao wana mlango wa kutokea. Mchezo ukiisha huvua masikio na kwenda nyumbani. Wewe huna cha kuvua. Kwa hiyo siku wanapokuja wamekasirika, waulize, mbele za watu, kama hasira hiyo ni ya kweli, na umlazimishe bosi wako asikie jibu.

Mama Odette bado analea wagonjwa Woodbridge. Mimi na mke wangu humtembelea Jumapili. Hashoni tena. Mwezi uliopita kifungo cha koti lake kilining’inia kwa uzi, nikamwomba anipe nikikaze. Alilivua, akanipa, akageukia dirishani hadi nilipomaliza.