Saa ya Enid Haikurudishwa Nyuma

Enid Thirlwell aliwapikia watoto wa shule kule Hexham mpaka magoti yakamkatalia, na siku alipostaafu walimu wakamchangia kamera. Kamera ya maana, si mchezo. Mwingine angeifungia kabatini. Yeye akajiunga na chama cha wapiga picha cha mji, na tangu hapo, kila mwaka majani yakianza kupukutika na watu wenye akili zao wakiota moto nyumbani, Enid hufungasha soksi za sufu akaenda na wanachama wenzake Skelwick kupigwa na upepo wa bahari wiki nzima. Hiyo wanaiita likizo.

Na upepo wa Skelwick hauna adabu hata kidogo. Unakuvua kofia, unakutilia mchanga kwenye mkate, unakusukuma kama mtu mnayegombania naye foleni. Enid aliupenda hivyo hivyo. Kilichomkera ni kitu kimoja tu, ukuta wa chumba cha kulia katika nyumba ya wageni ya Bi. Ridley. Kila mwaka, jioni ya mwisho, Bi. Ridley huchagua picha moja ya wiki hiyo na kuitundika pale. Trevor, kiongozi wao, anazo tele. Beryl, wifi yake Enid, anazo. Hata Clive, ambaye maisha yake yote hupiga picha za bata, anayo moja. Enid hana.

Si kwamba hajui kupiga. Ni miguu. Wenzake wakitoka alfajiri kuliwahi jua kwenye rasi, penye mnara wa taa, wanakwenda kama wanafukuzwa, naye anajikongoja nyuma yao. Akifika, jua limeshapanda na wao wanakunywa chai. Kamera yake imejaa migongo ya makoti ya mvua, na Beryl hachoki kulisema hilo mezani. "Mkitaka kujua koti langu limechanika wapi, muulizeni Enid," husema, na watu hucheka, na Enid hucheka nao. Lakini inauma, jamani. Inauma sana.

Mwaka huu daktari alikuwa ameshampa tarehe ya kubadilishiwa goti, na hakuna aliyeweza kumwambia baada ya hapo atatembeaje. Akajisemea moyoni kwamba ni mwaka huu au basi tena.

Wiki nzima mawingu yaligoma kuachia jua. Ikabaki asubuhi moja tu, Jumapili, na ndiyo ile Jumapili ya Oktoba ambayo nchi nzima hurudisha saa nyuma kwa saa moja, kuingia majira ya baridi. Jumamosi jioni Trevor aliwatangazia watu sebuleni kwamba kesho watatoka saa kumi na mbili na nusu, na wasisahau kurekebisha saa zao. Enid hakuwepo. Alikuwa jikoni akimsaidia Bi. Ridley kukwangua sufuria, maana mpishi ni mpishi hata akiwa likizo. Baadaye Clive akampitishia habari ya saa kumi na mbili na nusu, ile nyingine akaisahau. Na saa ya Enid ni ya kengele, ya kutia ufunguo, aliyoachiwa na mama yake. Hiyo haijirekebishi yenyewe kama simu.

Basi ikalia, akavaa, akashuka. Sebuleni hapana mtu. Akajua wamemwacha. Hata kumgongea mlango tu wameshindwa? Hasira zikampanda mpaka masikioni, akawasha tochi na kushika njia ya ukingoni mwa bahari peke yake, akiwasema mmoja mmoja kwa majina, na Beryl akasemwa mara mbili. Upepo ulimpiga usoni, goti likawaka moto, hakusimama. Mwenye hasira hana haja ya kupumzika.

Alipofika mnarani hakukuta mtu. Akajibanza nyuma ya ukuta, akashusha pumzi, akaanza kuogopa kwamba safari hii wamekwenda upande mwingine kabisa. Giza likapungua taratibu. Ndipo alipoviona vijitochi vyao huko mbali, vimejipanga kwenye ile njia aliyopita yeye, vikija. Akakumbuka ni Jumapili gani, na kwamba saa ya mama yake hakuirudisha nyuma: hawakumwacha, yeye ndiye aliyewatangulia kwa saa nzima. Alicheka peke yake mpaka miwani ikaingia ukungu.

Ghafla wingu likaachia mwanya mwembamba juu ya bahari na jua likachungulia. Enid akainua kamera kulielekea, halafu akageuka nyuma. Walikuwa wamekaribia, wameinama, wanasukumana na upepo, na mwanga wote ule umewaangukia usoni. Trevor amekumbatia stendi ya kamera kama mtoto mchanga. Clive anacheka. Beryl yuko mbele, mdomo wazi, mkono juu, akiikimbilia kofia yake hewani. Miaka yote alikuwa akipiga migongo yao. Leo walikuwa wanamjia yeye. Akabonyeza. Mwanya ukajifunga.

Walipofika, bahari ilikuwa kijivu tupu. Beryl alimtazama kutoka juu hadi chini.

"Wewe umefikaje hapa?"

"Kwa miguu," Enid akasema, akammiminia chai kutoka chupa aliyokuja nayo.

Jioni picha zikachapishwa na kupangwa mezani. Bi. Ridley akazipitia zote, akarudi kwenye ile moja, akaishika.

"Ninyi wote mmeniletea bahari," akasema. "Bahari ninayo dirishani. Hii ndiyo inapanda ukutani."

Watu wakapiga makofi mpaka vikombe vikatikisika. Enid alilia waziwazi, wala hakujifuta. Beryl akajitazama pichani, mdomo wazi mbele ya watu wote.

"Angalau koti halionekani lilipochanika," akasema, akaenda mwenyewe kutafuta nyundo.

Goti likabadilishwa mwezi uliofuata, na Beryl ndiye aliyekuja kumpikia supu. Siku moja akaiona ile saa kando ya kitanda, akaichukua ili airekebishe.

"Hii imekwenda mbele saa nzima."

"Iweke chini, Beryl," Enid akamwambia. "Hiyo ni sawasawa. Ninyi ndio mliochelewa."