Veikko na Gongo Alilolitupa

Veikko Rautalahti, fundi bomba wa Kerava, ana miguu mirefu kama ngazi na hasira za chini kwa chini. Hafoki. Akiudhika hupuliza hewa puani tu, na ile wiki Waestonia walipovuka maji kuja kucheza na Ufini mechi tatu za kriketi, alipuliza mpaka mkewe Marketta akamuuliza kama ana mafua.

Alipangwa wa kumi na moja, mpigaji wa mwisho kabisa, anayeitwa wenzake karibu wote wakishatolewa. Mechi ya kwanza alivaa pedi zake nene za kukinga miguu, akakaa kwenye kiti cha plastiki, Ufini ikashinda bila yeye kuinuka. Ya pili idadi ya mipira waliyopangiwa kurushiwa iliisha zamu yake haijafika, wakafungwa.

"Kapteni, leo nipandishe hata wa tisa," alimwomba Bilal asubuhi ya mechi ya tatu, dereva wa basi aliyemfundisha mchezo wenyewe.

"Mzee Veikko, wewe ndiye akiba yetu."

"Akiba gani hii, inaozea kwenye kiti?"

Bilal akacheka. Lakini wote wawili walijua kuwa mwakani vijana wanaingia, na Veikko hataitwa tena. Asipoipigia nchi leo, basi.

Kibaya zaidi, baba yake alikuja kutazama. Mzee Eino enzi zake alitamba kwenye besiboli ya Kifini, na ndiyo aliyomlea nayo Veikko: ukishapiga mpira, tupa gongo, kimbia mikono mitupu. Kriketi aliiona mchezo wa watu wanaosubiri chai.

"Magodoro hayo umeyavaa tangu juzi," alisema, soseji mkononi. "Unacheza au unayauza?"

Veikko akapuliza.

Jioni wapigaji wa Ufini wakaanza kudondoka mmoja mmoja, mpaka akaitwa. Zilitakiwa alama mbili kushinda. Alama moja ni kukimbia tu hadi mstari wa upande wa pili. Ukiufikia kwa gongo lako kabla mpira haujaangusha vijiti vilivyosimamishwa hapo, umepona.

Mwestonia akarusha. Veikko akaupiga mpira, tena vizuri, ukapenya katikati ya watu.

"Tupa! Kimbia!" Eino alinguruma kutoka kitini.

Na Veikko, mtu mzima, fundi wa kuaminika, akatupa gongo akatoka mbio kama paa! Bilal alishika kichwa. Mpira ukarudi kwa kasi, Veikko akajirusha mikono mbele, vijiti vikaruka. Vidole vyake vilikuwa havijagusa mstari, vimebakiza nusu mkono. Gongo lingefika na kuzidi.

Waestonia walikumbatiana. Veikko alibaki kifudifudi, anapulizia nyasi.

"Gongo lilikuwa na moto, mzee?" Bilal aliuliza, sauti haina mzaha wowote.

Eino peke yake alipiga makofi. "Umekimbia vizuri, mwanangu! Sasa mchezo gani huo, mtu anakimbia na gongo kama anafukuza mbwa?"

"Baba," Veikko alisema, "naomba unyamaze."

Usiku ule alikula supu ya samaki kwa mkono mmoja. Marketta alimwambia mara mbili aweke gongo pembeni. Hakuliachia.