Siku nilisimulia katuni jua iko juu

Hapana Zaina, usiniambie eti mutu aliyefika mwaka wa tano wa sekondari hawezi kuamini kitu kama ile. Mimi mwenyewe sikuamini, ndio maana nilifanya, na haya yote inaanzia hapo, kwa sababu kama ningeamini ningefunga kinywa na leo ningepita sokoni Kasongo bila watu kugeuka kuniangalia.

Ni hivi. Kaka yangu Amuri anachajishaka watu simu mu kibanda chetu cha barabarani, na mu ordinateri yake, ile kompyuta ya kukunja, muko katuni za zamani, zile zinachanganya hadithi za Wazungu na kuzifanyia mzaha. Saa sita Amuri alikuwa ameenda musikitini, watoto wa jirani wakaniomba niwawekee moja, na kwa sababu inasema Kifaransa tu mimi nikawa nawageuzia maneno. Mbwa wa pori amevaa robe, gauni ya bibi mugonjwa, ili amule mutoto wa kofia nyekundu, anaingia kitandani, anakuta nguruwe watatu wanakoroma humo, na jikoni binti wa kiatu kimoja anafagia, anamwambia, "Baba, umekosea hadithi, ya kwako ni nyumba ya pili." Watoto walicheka mpaka mumoja akajikojolea. Halafu batiri ikaisha, na waya zote zilikuwa mu simu za watu.

Wakalia. Na mimi (sina uvumilivu, unanijua) nikasema basi namaliza mwenyewe kwa kinywa. Lakini mwisho sikuujua, kwa hiyo nikachanganya sawa vile katuni inachanganyaka: mbwa akatoka kule, akapotea mpaka mu pori yetu, akaingia mu hadithi ya bibi yetu, ile ya kabuluku, kale kanyama kadogo ka pembe fupi kanakomudanganyaka chui. Hapo ndipo nilikosea. Hadithi za bibi hazisemwi jua iko juu. Ukizisema muchana, mama yako anakufa. Kila mutoto wa kwetu anajua.

"Dada Mwamini," kakasema kasichana kamoja ka miaka sita, "mama yako iko wapi?"

"Wamaza, alienda kununua mawese. Anarudi leo."

"Hatarudi."

Nikacheka. Nikasema hii ni katuni, haiko hadithi. Kakaniangalia tu, kakaenda zake.

Sasa sikia. Mama alisema atafika mbele ya saa nane. Saa nane, hakuna. Nikapiga simu, haipatikani. Saa tisa mutu wa pikipiki akasimama kuchajisha simu yake, akasema mu njia ya Wamaza, pale darajani, amekuta piki imelala chini na mawese imemwagika barabara nzima, nyekundu, hakuna mutu. Nikamuuliza, "Hukuona mama mumoja wa kitenge cha njano?"

"Dada, sikuona mutu. Niliona sandali moja tu."

Nikaacha kibanda wazi na simu za watu juu ya meza, nikakimbia kwetu kumuona bibi, na njiani nikamugonga Mama Riziki, jirani yetu, akanishika mabega, akauliza kuko nini, na mimi, Zaina, sijui ilitoka wapi, nikasema, "Nimemuua mama."

Hakungoja niendelee. Aliweka mikono kichwani akaanza kulia kilio cha matanga, nyumba ya pili ikamupokea, ya tatu pia, na kabla nifike kwetu mikeka ilikuwa imetandikwa, wamama wamekaa chini, mumoja anatafuta sufuria kubwa. Vijana wawili walishapanda piki kwenda darajani kutafuta mwili. Nikasema ngojeni, sijui kama amekufa. Wakasema mutoto amechanganyikiwa na uchungu. Na nilikuwa na woga mara mbili: kwamba mama amelala kweli chini ya lile daraja, na kwamba watu wote wamesikia maneno niliyosema. Unajua vile wanamufanyaka mutu akisema kwa kinywa chake kwamba ameua. Wamama wawili walivuta mukeka wao mbali na mimi.

Baba mudogo Saidi akasimama mbele ya watu wote. "Mwamini. Mama Riziki anasema wewe ndiye umemuua. Umemuua na nini?"

"Na katuni."

"Na nini?"

Basi nikaeleza. Katikati ya matanga, machozi na makamasi, nikawaeleza mbwa wa pori, robe, nguruwe watatu kitandani. (Mutu mumoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa.) Nilipofika kwa kabuluku, bibi akapiga mukeka na kiganja.

"Nyamaza. Jua haijashuka. Unataka kumuua mara ya pili?"

Hakuna aliyecheka tena. Bibi alikuwa anaangalia jua, na mimi, wa mwaka wa tano, nikaiangalia naye.

Hapo ndipo mama akafika, kwa miguu, na sandali moja. Piki iliteleza, haikumuumiza, simu yake tu ilipasuka; dereva akaenda kutafuta fundi, yeye akakata njia ya mashamba, ndio maana wale vijana hawakukutana naye. Alisikia kilio kwake, akatupa mufuko, akaanguka chini. "Ni nani? Ni Mwamini wangu?" Akawa ananililia mimi. Wamama walipoona maiti inalia mu matanga yake yenyewe, nusu yao wakapita mu mihogo mbio, Mama Riziki mbele.

Nikapiga magoti, nikamushika miguu. "Mama, niko hapa."

"Sasa ni nani alikufa?"

Watu wote wakaniangalia.

"Ni wewe, mama."

Nilingoja anipige. Hakunipiga. Alikaa, akaelezwa yote, hakucheka hata kidogo. Akasema polepole, "Wamenililia niko muzima," akavuta kitenge mabegani kama anasikia baridi, na chakula hakugusa. Na watu waliopita jioni wakamusalimia kwa mbali, kama mutu aliyetoka kaburini, hakuna aliyenyoosha mukono. Ile iliniuma kuliko vicheko vyote vya watu sokoni.

Mbele ya kulala nikakata shauri, nikaandika mu kaye, daftari yangu ya masomo, ili nisikimbie: kesho asubuhi namushika mama, tunaanza kwa Mama Riziki, tunapita nyumba zote zilizolia, mimi ndiye nitabisha hodi, mimi ndiye nitasema kosa langu, na hatutoki mulangoni kwa mutu mpaka amemupa mama mukono.