Kidude cha Sumaku Chini ya Mzani

Mpo mnaoijua habari hii kwa upande wa walionicheka, basi leo isikieni kwa mwenye aibu yake, maana hata sasa nikipita mitaani kule machimboni Rwamgasa kuna watu wananiuliza kama nimeshamaliza kucheza.

Mimi ni mnunuzi mdogo wa dhahabu na nina ugonjwa mmoja: nikiona mzigo mzuri vidole havitulii, nagonga meza, navunja vifundo vyake, na muuzaji akiona hivyo anajua nimeutamani, bei inapanda papo hapo. Mke wangu, Mama Kulwa, akaniambia siku hizi kuna vidude vya watu wazima vya kuchezea mkononi, vinatuliza. Nikaenda mjini, Nyasubi, kwenye duka la vifaa vya simu, dada muuzaji akanitolea aina tatu: pete za sumaku, vigololi vya sumaku, na bapa mbili za chuma zenye sumaku ndani, unaziteleza moja juu ya nyingine zinalia tak, tak.

"Kaka, chukua pete," akasema. "Sumaku yake ndogo, haikusumbui."

Ndogo? Mimi Msukuma ninunue kitu kwa sababu ni kidogo? (Kwetu hata jembe tunachagua lile la kumchosha mwenye nalo.) Nikavijaribu vyote kwenye kufuli la kaunta yake, na zile bapa zikalidaka kufuli pamoja na funguo zake zote, ikabidi tulichomoe wawili. Nikasema nifungie hizo hizo.

Kesho yake nipo mezani kwangu Rwamgasa, akaingia Mama Nkwabi, mama mtu mzima anayeosha mchanga wa marudio, ule ambao wengine wameshautoa dhahabu mara ya kwanza. Huyu ameniuzia miaka mitatu bila kupima kwanza kwa mwingine, na kwa kazi yetu mteja wa namna hiyo ndiye mtaji wenyewe, maana wengine humwangalia yeye anakwenda wapi.

"Mwadila, Baba Kulwa."

"Mwadila, mama. Shikamoo."

"Marahaba."

Akafungua fundo la kitambaa, na dhahabu ilikuwa safi, vidole vikaanza kuniwasha. Nikavipeleka chini ya meza na kidude changu. Tak. Mzani ukasoma gramu kumi na moja. Nikafurahi, nikateleza tena, tak, tak, ukasoma saba. Mama Nkwabi akanyanyua macho. Nikamwambia ni upepo wa feni, tukazima feni, ukasoma tisa, nikasema basi ni mlango, tukafunga mlango (joto lake msiulize), na kadiri nilivyopata wasiwasi ndivyo nilivyozidi kuteleza zile bapa, mpaka mzani ukashuka chini ya sifuri, yaani kwa maoni ya mzani, Mama Nkwabi alikuwa ameleta pungufu ya hakuna. Waliokuwa kwenye foleni nyuma yake wakasogea kutazama. Sikuwa na habari kabisa kuwa ni mimi, naapa.

Kwa jasho bapa moja ikaniponyoka, ikarukia juu na kunasa kwenye msumari wa meza, sawa sawa chini ya mzani. Mchimbaji mmoja akainama.

"Kuna sumaku huku."

Wote wakanigeukia. (Kwa msiojua: dhahabu haishikwi na sumaku, ila mzani una vyuma ndani, na sumaku ya kuficha ndiyo mbinu ya wezi. Mnunuzi akikutwa nayo huhama, kama amebahatika kuhama.)

"Ni toi," nikasema.

"La mtoto?"

"La kwangu."

"Kwani una miaka mingapi, Baba Kulwa?"

"Arobaini na minne."

Mama Nkwabi akasema, "Cheza basi tuone."

Nikacheza, jamani. Nikasimama mbele ya wachimbaji waliojaa mpaka mlangoni, mtu mzima na kitambi chake, tak, tak, kidude kinaniponyoka huku nawaeleza kwamba kinatuliza. Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini, na yule aliyeinama akatoa hukumu kwamba mwizi hawezi kuwa mjinga kiasi hiki. Sijawahi kufurahia tusi kama lile.

Ila Mama Nkwabi hakucheka. Alifunga kitambaa chake taratibu.

"Nimekuamini, bhabha," akasema. "Nakwenda kupima kwa jirani."

Kicheko nimekizoea, lakini maneno yale yaliniuma, bado yananiuma, kwa sababu hakuyasema kwa hasira.

Kidude nimempa Mama Kulwa anaokotea sindano zake za kushonea, na nimeapa sitapeleka tena mkono chini ya meza hata nikiumwa na siafu. Kazi inayoishi kwa kuaminiwa, mikono ikae panapoonekana. Wiki jana Mama Nkwabi alirudi, akakaa, akashika fundo lake bila kulifungua.

"Mikono mezani."

Nikaiweka yote miwili. Akaitazama kwa muda mrefu, kisha akafungua.