Mayai ya Chwele Katika Hoteli ya Nairobi

Mama yangu alikaa katika mojawapo ya hoteli nzuri kabisa za Nairobi, na mpaka jioni ya siku ya pili hakuwa amekula chochote isipokuwa mayai ya kuchemsha aliyoyabeba mwenyewe kutoka Chwele. Mpishi mkuu wa hoteli hiyo alikuwa mkwe wake. Mama hakuwa mgonjwa, wala hakuwa na hasira na mtu.

Safari ilianza na simu. Dada yangu Nafula ameolewa na Simiyu, mtu wa upande wa Bungoma anayefanya kazi ya upishi Nairobi. Siku ya kuzungumza mahari, mama aliuliza mbele ya watu wote, "Mwanamume wa kupika, nyumbani atafanya nini? Ataosha vyombo?" Watu walicheka. Simiyu naye alicheka, lakini hakusahau.

Kwetu mama halali katika nyumba ya binti yake aliyeolewa. Yeye na mkwe hawapeani mkono, hawali katika chumba kimoja, na wakikutana njiani mmoja hugeuka kando. Ni heshima, si ugomvi. Kwa hiyo miaka ikapita, wajukuu wakazaliwa, na mama hakuwahi kuuona mji anaoishi mtoto wake. Kisha, miaka hii ya themanini ikielekea mwisho, Simiyu akapandishwa cheo, na hoteli ikampa vyumba viwili mwishoni mwa wiki, alete wageni anaowataka. Alinipigia simu katika ghala la mbegu ninapofanya kazi, mjini Kitale.

"Shemeji, nimepata dawa," alisema. "Hoteli si nyumba yangu. Mama alale huko, aone watoto, aone Nairobi." Kisha akaongeza, "Na ale chakula yangu. Mara moja tu. Baadaye aseme vile anataka."

Alhamisi, Chwele. Niliondoka nyumbani Kibomet, kando ya Kitale, asubuhi, nikapitia Kimilili, nikamkuta mama ameshavaa. Alikuwa na gauni jipya la kitenge, viatu vya kanisani na kikapu kilichofunikwa kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na mayai na chumvi katika karatasi.

"Mama, hoteli iko na chakula."

"Najua. Hii ni ya njia. Si hata treni inaweza kuharibika?"

Treni haikuharibika. Tuliipanda Bungoma alasiri, daraja la kwanza, tukapewa chumba chetu wenyewe chenye vitanda viwili na sinki ya kukunja ukutani. Jua lilipokuwa linashuka juu ya mashamba ya miwa, mhudumu alipita katika ujia akigonga kengele ndogo, na tukafuata abiria wengine hadi behewa la chakula. Sijaona meza za namna ile kwingine. Kitambaa cheupe kilichopigwa pasi mpaka pembeni, visu na uma vizito vya kung'aa, taa ndogo kwenye kila meza, na supu ambayo haikumwagika ingawa behewa lilikuwa likiyumba. Mama alikula supu, akala samaki, akala nyama na mchuzi wake, kisha akamaliza pudini na kufuta mdomo.

"Aliyepika ni nani?" aliniuliza.

"Sijui, mama."

"Huyo ako na mkono," alisema, na tukarudi kulala.

Ijumaa asubuhi, Nairobi. Hoteli siitaji jina, maana shemeji angali anafanya kazi pale. Mlangoni alisimama mtu mwenye glavu nyeupe aliyempokea mama kikapu kana kwamba kimejaa vyombo vya kioo. Zulia lilimeza sauti ya viatu vyetu. Maua yalikuwa marefu kunizidi. Katika lifti mama alinishika mkono, akatazama namba zikiwaka moja baada ya nyingine, akasema, "Hii nyumba inatembea ndani." Chumbani alikagua kila kitu kwa utaratibu: shuka zilizobana kitanda kama ngoma, taulo za unene wa blanketi, bafu la kuogea ukiwa umelala. Alioga, akapumzika, akaoga tena. Alisema maji moto yanayotoka ukutani bila kuni ni jambo ambalo wanawake wa Chwele wanapaswa kuambiwa.

Mchana tulishuka katika chumba cha kulia. Mhudumu wetu, mtu mrefu mcheshi aliyeitwa Musa, alimvutia mama kiti, akamtandikia kitambaa mapajani. Akaleta sahani ya kuku katika mchuzi wa rangi ya dhahabu, viazi vimepangwa kama petali za ua. Harufu yake naikumbuka. Mama alishika uma. Musa akainama, uso umejaa furaha.

"Mama, hii umepikiwa na mkwe wako na mikono yake. Jikoni sisi wote tunajua umefika."

Mama akaweka uma chini taratibu.

"Yeye ndiye amepika?"

"Yeye mwenyewe."

"Ndani ya jikoni yake?"

"Huko yeye ndiye mkubwa, mama."

Wakati huohuo mlango wa jikoni ulisukumwa kidogo, na kofia ndefu nyeupe ikachungulia. Mama aliinua menyu, akafunika uso wote. Kofia nayo ilipoona menyu imeinuka, ikageuka haraka na kugonga mlango. Watalii wa meza ya jirani walidhani ni mchezo wa hoteli, wakatabasamu. Sisi tulisimama, na mama akapanda chumbani kumenya yai.

"Mahali mtu anapika ndiyo kwake," aliniambia. "Nikikula hapo nimeingia kwa mkwe wangu nikakaa chini. Wewe unaweza kubali hiyo?"

Nilishuka kumwona Simiyu. Alikuwa ameketi juu ya gunia la vitunguu, kofia magotini. Sahani ya kuku ilikuwa mbele yake, haijaguswa.

"Lakini hoteli si yangu, bana," alisema.

"Mama anasema jiko ni lako."

"Ati jiko." Aliwatazama wenzake, nao wakajifanya wanakatakata karoti. "Wanaanza kuniuliza, mpishi gani huyu hata mama mkwe hataki chakula yake? Shemeji, akirudi Chwele bila kuonja, mimi nitabaki tu yule mtu wa kuosha vyombo."

Ijumaa ikapita kwa mayai.

Jumamosi Nafula alikuja na watoto na gari la kukodi. Tuliona majumba marefu, bustani zenye miti ya maua ya zambarau, maduka yenye vioo ambamo mama alijitazama bila haraka. Tulipita soko la maua ambako mama aliinusa kila ndoo. Mwisho tulifika nyumbani kwa Nafula. Mama alisimama nje ya geti, hakukanyaga ndani. Basi Nafula aliingia peke yake, akaanza kufungua mapazia. Alifungua dirisha la sebule, akainua kiti ili mama akione. Akafungua la chumba cha watoto, akaonyesha kitanda na neti. Akaenda dirisha la jikoni, akainua sufuria moja baada ya nyingine. Mama alitazama yote kwa makini, mikono nyuma, kama mtu anayekagua shamba kabla ya kulinunua.

"Sufuria ziko safi," alisema mwishowe. "Nani anasugua?"

"Baba watoto, mama. Akiwa na ofu kazini," Nafula alijibu kutoka dirishani.

Mama aligeuka, akarudi garini. Tulirudi mpaka mlango wa hoteli. Hapo akaniambia nimwite Musa.

"Kijana," alimwambia, "kwa treni mimi nilikula vizuri. Unajua kwa nini?"

"Hapana, mama."

"Aliyepika hakujua mimi ni nani. Na mimi sikujua yeye ni nani. Sasa sikia. Usiku chumba chenu cha kukula kitakuwa na watu wangapi?"

"Kitajaa, mama. Ni Jumamosi."

"Basi niweke katikati ya watu. Nitachagua kitu kwa hiyo karatasi yenu. Wewe peleka kama ya mtu yeyote. Usiseme ni ya nani, leo wala kesho. Yeye apikie wageni wake, mimi nikule kama mgeni. Utaweza kunyamaza?"

"Nitajaribu, mama."

"Usijaribu. Nyamaza."

Usiku ule nilipitia jikoni mara moja tu kabla ya kukaa. Simiyu alikuwa ameshaambiwa masharti. Alikuwa akipanga sahani zote kwa namna moja, akiinama juu ya kila mchuzi, akifuta ukingo wa kila sahani kwa kitambaa safi, akirudisha chochote ambacho hakikumridhisha. Kwa kuwa hakujua meza ya mama ni ipi, alizipikia meza zote kana kwamba kila moja ni ya mama. Chumba kizima kilikula vizuri usiku ule. Mzee mmoja wa Kihindi aliomba mpishi aitwe ampongeze, na Musa akasema mpishi ameshikika na kazi.

Nilikaa na mama. Niliona alichoagiza na alichobakisha, na aliniambia nisiseme. Vyombo vilirudi jikoni vyote kwa pamoja, vimechanganyika.

Jumapili tuliondoka. Simiyu aliaga kutoka ng'ambo ya barabara ya stesheni, bila kofia, ameinamisha kichwa. Mama alimjibu kwa kuinua kikapu kitupu, uso ameuelekeza kwenye stesheni. Nilienda Nairobi nikidhani hoteli kama ile ina majibu ya kila kitu, kwa sababu ina lifti na maji moto. Kumbe mama ndiye aliyelipata jibu, na bila hoteli yenye meza nyingi vile asingelipata.

Chwele, wiki zilizofuata. Wanawake walikuja kusikia. Mama aliwaeleza lifti, taulo, glavu nyeupe, na sufuria zilizosuguliwa na mwanamume. Walipouliza habari ya chakula, aliwamiminia chai. Simiyu alinipigia simu Kitale kila Jumatatu. "Amesema nini?" "Hajasema." "Hata kidogo?" "Hata kidogo, shemeji."

Kisha mama akatuma jogoo Nairobi, mzima, ndani ya kikapu kilekile, kwa mkono wa jirani aliyesafiri kwa treni. Ujumbe ulikuwa mmoja: ni wa jikoni. Nafula akapiga simu kuuliza, jikoni kwa hoteli ama jikoni nyumbani? Kama ni wa hoteli, apikiwe wageni. Kama ni wa Simiyu, basi mama mkwe ametuma jogoo kwa mkwe wake, na sote tunajua maana yake kwetu: mkwe amekubaliwa. Nilimwuliza mama. Alisema yeye alishatuma, kazi ya kujua si yake.

Simiyu hathubutu kumchinja. Jogoo anaishi nyuma ya nyumba yao, anawika kabla ya saa kumi na moja, na majirani wameshaanza kulalamika.