Gadenia ya Dada Yangu

Dada yangu mkubwa ameuza miche tangu akiwa msichana. Kitalu chake kiko kati ya ukuta wa gereji na mtaro, na watu wanamwita Mama Miche, hata wale ambao hawajawahi kununua kwake jani moja. Mimi ni fundi viatu. Nakaa upande wenye kivuli, nashona, nasikiliza.

Macho yake yalianza kumsaliti taratibu. Alipiga ndoo teke, akagonga bega mlangoni, akaendelea kuzungumza na mteja aliyekwisha kuondoka. Daktari akasema ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, na dawa ya matone itachelewesha tu. Tulipotoka hospitali nilimshika mkono tuvuke barabara. Akauchomoa. Tulipofika katikati akautafuta mwenyewe.

"Mdogo wangu," akasema, "rangi zinaniaga. Nyekundu imekuwa kama matope. Nyeupe tu ndiyo bado inaniitikia."

Basi akaanza kubadilisha kitalu. Mawaridi mekundu aliyagawa, maua ya njano akampa jirani. Mahali pake akajaza asumini, bogonvilia nyeupe, mawaridi meupe, na nyuma kabisa michungwa, maana maua yake nayo ni meupe. Jua likishaenda chini alipita katikati ya makopo bila fimbo, akifuata weupe.

"Mama Miche, hii ni bustani au duka la sanda?" vijana wa gereji walimtania.

"Sanda hainukii. Nunua mche uache kelele."

Lakini roho yake ilikuwa kwenye kichaka kimoja cha gadenia, ya maua meupe yanayonukia, kando ya mlango wa nyumba. Alikiotesha kwa kijiti alichopewa na mama yetu, mama akiwa tayari kitandani. Kilikua kwa uvivu, kikafika usawa wa kifua, na miaka yote hakikuwahi kutoa ua. Mwaka huu kikatoa matumba. Kila asubuhi dada aliyapapasa kwenye ncha za matawi, yamesokotana kijani, magumu kama ncha ya kalamu.

"Nilione hili ua la mama mara moja tu," aliniambia. "Halafu macho yaende yanakotaka."

Mume wake, shemeji yangu, ni kinyozi. Saluni yake ni chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo. Ni mtu nadhifu mno. Hata paka akipita anamtazama kama anayehitaji kupunguzwa manyoya. Siku nilipompeleka dada kuchukua matone, shemeji alibaki peke yake, hakuna mteja, mkasi mkononi. Akataka kumfurahisha mkewe.

Tuliporudi alikuwa amesimama mlangoni, anatabasamu. Kichaka kilikuwa duara, laini, kama kichwa cha bwana harusi. Mimi niliona kabla ya dada.

"Shika uone, mama," shemeji alisema. "Nimekinyoa vizuri."

Dada akanyoosha mkono. Akapitisha kiganja juu, akashuka pembeni, akarudi juu.

"Matumba yako wapi?"

"Matumba gani? Vile vijani vilivyosokotana? Vilikuwa vinachomoza ovyo, nimevisawazisha."

"Ndiyo yalikuwa maua, Kinyozi."

Hakupandisha sauti. Alikaa kwenye kizingiti na mkoba wa dawa mapajani. Shemeji alishuka mtaroni na viatu vyake vya saluni, akaokota matawi aliyoyakata na kuyatupa humo, akayatia kwenye ndoo ya maji. Tuliyaweka dirishani, tukayahamishia kivulini, tukabadilisha maji. Matumba yakageuka kahawia, yakaanguka. Dada aliuliza kila akiamka, "Hakuna lililofunguka?" Shemeji alikuwa akijifanya anasafisha mashine.

Siku moja nikiwa nimeinama kutafuta msumari nikaona tumba moja ndani kabisa, upande wa ukutani, mahali ambapo mkasi haukufika. Niliwaita. Shemeji akatazama ukuta ulivyopauka, akaona ua jeupe litapotelea hapo. Akaleta lile shuka jeusi analowafunga wateja shingoni, akalitundika nyuma ya tawi kwa misumari yangu. Tukasubiri. Dada alihamisha kigoda chake hapo, akawa anauza miche akiwa ameelekeza uso kwenye lile shuka. Tumba likanenepa, likaonyesha mstari mweupe. Siku hizo hizo dada alianza kumwaga chai nje ya kikombe.

Kisha likaanguka. Halikuguswa na mtu. Lilijiangukia tu kabla ya kufunguka, na shemeji ndiye aliyelikuta chini alipofungua saluni. Nilimkuta amelishika. Ndani tukasikia dada anavaa ndala.

"Shemeji, usiseme kitu," kinyozi akaniambia.

Akakimbilia saluni, akarudi na pamba, akachambua kipande, akakifunga kwa uzi kwenye tawi, pale lilipokuwa tumba. Dada akatoka. Akaketi, akageuza kichwa huku na huku kama anavyofanya anapotafuta, mara akatulia.

"Naona cheupe," akasema. "Jamani, naona cheupe."

Akasogea na kigoda, akasogea tena, mpaka pua ikakaribia kugusa. Akavuta pumzi. Akavuta tena, kwa muda mrefu.

"Pamba ya saluni," akasema. "Ina harufu ya spiriti."

"Nisamehe, mama. Nitaitoa."

"Lile lingine limeanguka?"

"Limeanguka."

Shemeji akanyoosha mkono kufungua uzi, dada akaukamata mkono huo kabla haujafika.

"Iache," akasema. "Nitajua kichaka kiko wapi nikija kukimwagilia. Ikichakaa uweke nyingine, kubwa zaidi."

Sasa kipande cha pamba pale kichakani kimekuwa kikubwa kama ngumi.